Walivyomtafuta Baba Neema Kisiwani kwa Aseti

Dada zangu wa kikundi chetu cha Alhamisi, tangu nirudi mmeniuliza swali moja kwa namna kumi: ilikuwaje huko? Mara mbili nimejaribu kusimulia, na mara zote mbili mtoto amelia, chai imemwagika, mtu amekurupuka kuwahi treni, na mimi nimebaki na nusu ya habari mdomoni. Basi nimeamua kuandika. Mambo ya tiketi na fomu nimeyaruka, maana hayana utamu wowote.

Baadhi yenu mnanijua kwa maneno ya watu tu, kwa hiyo niseme wazi. Mimi ni Neema, Mrundi niliyelelewa kambini mkoani Kigoma. Sasa naishi Rissne, huku Uswidi, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Na ndiyo, mliyoyasikia ni kweli. Kwenye kona ya sebule yangu, juu ya kabati la viatu, nina madhabahu ya Aseti, mungu wa kike wa Misri ya kale ambaye Wagiriki walimwita Isis. Kila asubuhi kabla ya kazi nasukutua kinywa kwa maji ya magadi, haya haya tunayopikia maharage, maana hata makuhani wa zamani walijitakasa kwa chumvi ya aina hiyo. Nawasha mshumaa mbele ya sanamu yake ndogo yenye pembe za ng'ombe, namwekea maji safi na kipande cha mkate, naongea naye kidogo. Halafu mkate naula mimi kwa kahawa, kwa sababu chakula cha mungu hakitupwi. Hakuna damu wala kuku mweusi. Siku ile rafiki yangu Kavira alipofungua friji yangu kutafuta ushahidi, alikuta maziwa na karoti.

Nilimjua Aseti nikiwa darasa la Kiswidi. Mwalimu alitupeleka makumbusho tukajifunze majina ya vitu. Wenzangu wakawa wanaandika kwenye madaftari, mimi nikasimama mbele ya kisanamu cha mama aliyempakata mtoto. Mwalimu akasimulia kwa Kiswidi cha polepole: mumewe aliuawa, mwili ukafichwa, naye akaizunguka nchi nzima akiutafuta. Nilielewa kila neno. Baba yangu alipotea nikiwa na miaka minne, siku tulipokuwa tunakimbia vita, na mpaka leo hatujapata hata kiatu chake. Nikaona huyu mama ananijua.

Katika ibada hii wafu hutajwa kwa majina. Unamimina maji, unamtaja marehemu, na kwa kutajwa anaendelea kuishi. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu jina la baba yangu nilikuwa silijui.

Msinicheke. Mama yangu alifundwa kwamba mke mwenye heshima hamtaji mumewe kwa jina. Yeye alimwita Baba Neema. Majirani walimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza baiskeli. Ndugu zake walitawanyika nisikokujua. Tulipofika kambini karani aliuliza jina la baba wa mtoto, mama akajibu, "Baba Neema," na karani wa watu akaandika vivyo hivyo. Ndiyo maana hadi leo kitambulisho changu kinasema Neema Baba Neema, na kazini wanadhani ndiyo desturi ya kwetu. Miaka sita nimemimina maji nikisema, "Baba Neema, pokea maji." Kila nikisema hivyo nilijihisi najitaja mwenyewe.

Nilitaka kufika Aswani, kule Misri, kwenye hekalu la Aseti lililo kisiwani, nimtaje baba yangu pale kwa jina lake. Sikuwa na haja nyingine.

Rissne hadi Alby

Hatua ya kwanza ya safari ilikuwa fupi kwa kilomita na ndefu kwa moyo. Nilipanda treni ya buluu, nikabadilisha mjini, nikashika nyekundu hadi Alby kwa mama. Nilimkuta amesimama jikoni anakaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya baridi, na harufu imejaa mpaka kwenye makoti.

"Mama," nikasema, "nakuomba jina la baba."

Hakugeuka. "Baba yako anaitwa Baba Neema."

"Hilo ni jina langu, mama."

"Ndiyo. Na alikuwa analipenda."

Nikamweleza ninakokwenda na sababu yake. Alikuwa anajua habari za Aseti. Kanisani kwao nimeombewa sana, na nashukuru, maana wanaoniombea wananipenda. Mama akazima jiko, akanitazama.

"Mwanangu, madhabahu ni moja tu. Jina la mume wangu sijalitaja hata kwa mchungaji. Leo nikupe wewe, uende ukalimwage mbele ya jiwe?"

"Ninachomwaga ni maji tu, mama."

"Toka hapa na jiwe lako." Kisha bila hata kuvuta pumzi: "Ngoja kwanza ndagala zipoe. Utasafiri na njaa?"

Mama yangu ndivyo alivyo, anakukemea huku anakufungashia. Niliondoka Alby na kopo la ndagala na mayai sita ya kuchemsha. Jina sikulipata, na kwenye treni nililia mpaka mzee mmoja wa Kiswidi akanipa karatasi ya kufutia machozi bila kuniuliza kitu.

Jakobsberg hadi Arlanda

Kavira huyo ni Mkongomani wa Butembo anayekaa Jakobsberg, na alikuwa ameapa kwamba lazima anipeleke uwanja wa ndege kwa gari lake. Nikalala kwake. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na gari likakohoa mara mbili likanyamaza.

"Ona sasa!" akasema Kavira, akipiga usukani. "Gari yangu imekataa. Imejua fasi unaenda." Fasi kwake ni mahali.

"Betri imekufa, Kavira."

"Betri! Weye unaenda kuona mungu mwenye pembe, na Mungu yangu njo ananiamusha asubuhi nikusindikize. Mi sielewe, quand même, hata hivyo."

Lakini alinibebea sanduku. Tukakimbia kwenye theluji hadi kituoni, yeye akiwa na viatu vya ndani, tukabadilisha treni mjini, tukafika Arlanda tumechelewa na tumeloa jasho. Alibaki nyuma ya kamba za wasafiri, nami nikaingia kwenye ukaguzi.

Sasa fikirini kilichokuwa kwenye begi langu la mkononi. Mfuko wa nailoni wenye unga mweupe. Kopo la samaki wadogo wakavu wenye macho. Na sanamu ya mama mwenye pembe, imefungwa kwenye kitenge. Binti wa ukaguzi aliyevaa glavu alivitoa kimoja kimoja akavipanga.

"Hii ni nini?" akauliza kwa Kiswidi, akionyesha unga.

"Ya kusukutua kinywa."

"Na hii?"

"Samaki."

"Na huyu?"

Ningeweza kusema ni pambo. Watu wengi wa njia yangu husema hivyo. Lakini nilikuwa nimetoka kumlaumu mama kwa kuficha jina, nikaona haya. "Huyo ni mungu wangu," nikasema.

"Jaha," akajibu. Mnaijua ile *jaha* ya Waswidi, inayotosha kwa habari yoyote duniani.

Magadi yakapelekwa kupimwa. Nikasubiri, nikasubiri. Kwa mbali nilimwona Kavira amefumba macho midomo inacheza, na najua alikuwa anamwomba Mungu wake amwokoe rafiki yake na magadi. Mwishowe yule binti akarudi, akacheka, akasema bibi yake naye alikuwa anasukutua kwa kitu kama hicho. Akamfunga Aseti kwenye kitenge vizuri kuliko nilivyomfunga mimi. Nilikuwa mtu wa mwisho kupanda ndege.

Istanbuli, siku ya ukungu

Istanbuli tulishuka kubadilisha ndege, ukungu ukashuka nyuma yetu, na ndege zote zikalala. Ya kwangu ya Kairo ilisogezwa mbele mara nne. Nilikaa pale siku nzima.

Asubuhi ile nilikuwa sijafanya ibada yangu. Nikaingia chooni kwenye masinki, nikachanganya magadi kidogo na maji, nikasukutua, nikanawa mikono na uso. Mama mmoja wa Kituruki, mnene, mwenye kitambaa cha maua, alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amenipandisha mikono ya sweta na ananiosha mpaka kwenye viwiko, halafu akaonyesha miguu. Kumbe ameniona nina udhu wa ovyoovyo, na hakuweza kuvumilia. Nikavua soksi. Mimi ninayewaogesha wazee wa watu kila siku, sijaogeshwa na mtu tangu nikiwa mdogo, na sikuwa na nguvu ya kumkatalia.

Akaniongoza hadi chumba cha sala cha wanawake, akanikopesha skafu. Nilikaa nyuma kabisa, begi mapajani, Aseti ndani ya begi, nikasema naye kimoyomoyo wakati wanawake wale wanasujudu. Hakuna aliyenisumbua. Baadaye yule mama akanigawia mkate wake wa mviringo wenye ufuta, nami nikampa yai na ndagala. Ndagala akainusa kwa mashaka, akala moja, akaomba kopo zima limsogelee.

Akatoa simu yenye kutafsiri. Akauliza nilikuwa namwombea nani. Nikaandika: baba yangu. Akauliza anaitwa nani. Nikasema, "Baba Neema."

"Baba," akasema, akigonga kifua, maana Kituruki nacho kinasema baba. Kisha akauliza tena kwenye simu: ndiyo, baba, lakini jina lake?

Akaona uso wangu, akaiweka simu mfukoni, akanishika goti mpaka walipoita ndege yake. Jina la huyo mama nalo sikulijua, na ninamshukuru kila siku.

Kairo hadi Aswani

Treni ya kwenda Aswani ni ya kutwa nzima, ukiwa na bahati. Nilikaa mkabala na mke na mume wa makamo. Mke akajitambulisha, Umm Karim, yaani Mama Karim, na akamwonyesha mumewe aliyekuwa anasinzia: Abu Karim. Nikashangilia peke yangu. Nikamuuliza kwa ishara, jina lake yeye, lile lake hasa? Umm Karim akaziba mdomo kwa shela akacheka mpaka mume akaamka. Hakulitaja. Nikawaza, mama yangu angekaa hapa angejisikia nyumbani.

Waliweka karatasi katikati yetu wakapanga mikate, maharage ya kusagwa, bajia za kijani na kachumbari kali. Tulikula tukibadilishana maneno. Mimi nikisema samaki, wao wanapiga makofi. Sukari, makofi. Kitabu, makofi. Sikuwahi kujua nina Kiarabu kingi hivyo mfukoni.

Kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Treni ilisimama kwenye kituo kidogo kilichozungukwa na miwa, na ikakaa. Kondakta akapita akitangaza, nami nikanasa maneno mawili: *saa* na *wahda*. Wahedi, yaani moja. Saa moja! Jua lilikuwa utosini. Nikahesabu haraka: mpaka saa moja jioni ni mchana wote uliobaki. Nimekaa Ulaya miaka kumi na miwili, lakini nikisikia saa kwa lugha isiyo ya Kizungu kichwa changu kinahesabu cha kwetu. Haikunijia kabisa kwamba kwa mwenzangu saa moja ni saa saba mchana.

Nikashuka kwa raha zangu. Nikatafuta choo, nikanunua chai, nikakaa kivulini naangalia kunguru. Nikasikia honi. Nikageuka, treni inatembea, na Aseti yumo ndani.

Jamani, nilikimbia. Umm Karim alikuwa ametoa kichwa na mikono yote miwili dirishani anapiga kelele, "Neema! Neema!" Abu Karim amening'inia mlangoni, mkono mmoja ameshika chuma na mwingine ameunyoosha kwangu. Aliponivuta ndani nilianguka juu ya mikate yetu. Mabehewa mawili yalipiga makofi. Umm Karim akanifuta chai kwenye koti, akanipiga begani, akanipiga tena, kisha akanikumbatia. Kwenye kiti changu alikuwa amemweka Aseti na kitenge chake, amemfunika kwa shela yake asipigwe na jua. Sijui alidhani ni mtoto wa bandia au alijua ni nani. Sikuuliza.

Kisiwani

Asubuhi iliyofuata mashua ya injini ilituvusha. Mwenye mashua, Mnubi mchangamfu, alinieleza kwa vidole kwamba hekalu hili halikuwa hapa. Bwawa lilipojengwa maji yalitaka kulimeza, watu wakalibomoa jiwe kwa jiwe, wakalihamishia kisiwa hiki cha jirani na kulisimamisha upya. Nilicheka kwa furaha. Hata Aseti ni mkimbizi, amepewa makazi mapya ng'ambo.

Nilizunguka taratibu. Nilimwona ukutani akimnyonyesha mwanawe, akimfunika mumewe kwa mabawa, na sehemu nyingine uso wake umekwanguliwa na watu wa zamani waliodhani wanamkomesha. Nikatafuta kona tulivu nyuma ya nguzo. Nikachuchumaa, nikamtoa kwenye kitenge, nikamwambia asante kwa kila hatua: kwa karatasi ya machozi, kwa viatu vya ndani vya Kavira, kwa mikono ya yule mama wa Istanbuli. Ikabaki zamu ya baba. Nikafungua mdomo. Hapakuwa na jina. Nilisafiri mbali kiasi hicho kuja kusema kilekile ninachosema juu ya kabati la viatu.

"Baba Neema," nikasema. Nikaanza kulia, na kilio kikatoka kwa sauti. "Baba Neema. Baba Neema."

Mlinzi akatokea, mzee wa masharubu makubwa. Nilidhani anakuja kunifukuza. Aliinama akaniuliza kitu, na katika hicho kitu nikalisikia neno *baba*. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena, nikajibu, "Baba Neema."

Akanyooka. Akaniwekea kiganja hewani, maana yake tulia, nimekuelewa. Akaenda katikati ya uwanja, akaweka mikono mdomoni, akaita:

"Baba Neemaaa!"

Sikuelewa. Mlinzi wa pili akaitikia kutoka langoni, wakasemezana, na wa pili naye akaanza: Baba Neema! Wa tatu akaenda upande wa maji. Mama muuza skafu akaacha skafu zake akawa anachungulia vyumba vya giza, anaita kwa sauti nyembamba. Mwenye mashua wangu akasimama juu ya kiti akawauliza wenzake kwenye mashua nyingine, na jina likaenda mpaka majini. Walikuwa wanaangalia nyuma ya kila nguzo. Hapo ndipo nilipong'amua: wanadhani nimekuja na baba yangu, mzee wa watu, na amepotea humu hekaluni.

Ningewazuia. Sikuwazuia. Nilikaa pale kwenye kisiwa cha yule aliyezunguka nchi nzima akimtafuta wake, nikasikiliza watu wasionijua wakimtafuta wangu.

Wakampata. Ndiyo, walirudi na mzee mweusi mrefu wa kanzu ya buluu, wamemshika viwiko, glasi ya chai bado mkononi. Wakamsimamisha mbele yangu, wote wakinitazama usoni kuona kama nitamrukia shingoni. Mzee akanitazama. Mimi nikamtazama. Akawaambia jambo kwa upole, na nadhani lilikuwa: ninao mabinti, ila huyu hayumo.

Nikatafuta maneno mfukoni mwangu, yale ya kwenye treni. "Baba," nikasema. "Maiti. Zamani."

Mlinzi wa masharubu akarudia polepole, "Mayyit. Zamaan." Akawageukia wenzake. Hakuna aliyecheka wala kukasirika. Yule mzee wa chai akaketi chini palepale kando yangu, magoti yakilia, na wote wakainua viganja wakamsomea baba yangu dua. Waislamu hao, kwa ajili ya Mrundi Mkristo, mbele ya mungu wa binti yake. Mama wa skafu alisema amina akanifuta uso kwa skafu mpya. Kisha mlinzi akaona chupa yangu ya maji na Aseti mapajani, akageuka akatazama mto kwa muda wote niliouhitaji.

Nikamimina. "Baba Neema, pokea maji." Nilishukuru kuliko nilivyowahi kushukuru. Na bado nilijua sijamtaja.

Arlanda hadi Alby

Nilirudi salama, bila ukungu wala magadi, na kutoka uwanjani nilikwenda moja kwa moja Alby na sanduku langu. Mama alikuwa mezani anachambua maharage. Nikavua koti, nikakaa, nikachambua naye, nikaanza kusimulia. Nilitegemea kemeo kwenye habari ya udhu, halikuja. Kwenye habari ya treni alicheka mpaka akajifuta macho. Nilipofika kwa walinzi, mikono yake ikasimama.

"Walimtafuta?"

"Walimtafuta, mama."

"Wangapi?"

"Walinzi watatu. Mwenye mashua. Na mama mmoja muuza skafu."

"Waliitaje?"

"Baba Neema. Kisiwa kizima."

Akalisukuma kando rundo la maharage.

"Na mimi niliita hivyo hivyo," akasema. "Pale ziwani, siku ile tunakimbia. Yeye alirudi kumchukua mama yake, ambaye hakuweza kutembea. Akaniambia nimngoje kwenye mitumbwi. Siku tatu, Neema, nimekubeba mgongoni, napita katikati ya watu naita Baba Neema, Baba Neema. Wakageuka wanaume watatu. Kila mmoja ana Neema wake."

"Jina lake sikuliita. Nilikuwa bado kijana, nimefundwa, naona haya. Watu wanakufa, mimi naona haya. Labda alikuwa pale, nyuma ya watu. Labda angesikia lake angegeuka." Akazoa maganda kwa kiganja, akayaweka chini tena. "Nikajiambia, kama sikulitaja siku lilipokuwa na kazi, silitaji tena."

Nilimshika mkono. Nilitaka kusema kwamba haikuwa kosa lake, na nikasema. Nje watoto walikuwa wanateleza kwenye theluji na kupigiana kelele za Kiswidi. Mama akavuta pumzi, akalitoa.

"Harerimana."

Miaka yote hii nilidhani nikilisikia nitaanguka. Nilikaa tu. Jina la kawaida kabisa la kwetu. Maana yake Mungu ndiye mlezi.

"Harerimana," nikasema.

"Siyo hivyo. Unalisema unasoma karatasi."

"Harerimana."

"Bado. Yuko mbali, mwanangu. Watu ni wengi na mitumbwi inaondoka. Mwite."

Nikasimama katikati ya jikoni, nikamwita baba yangu kwa nguvu zangu zote, na mama akasukuma kiti nyuma, akasimama, akaita pamoja nami.